Kijiti Chenye Jina la Baba Mkwe

Nilipoolewa upande wa Kaplong, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kitu cha kwanza nilichokatazwa kukitaja kilikuwa kijiti cha kupandia maharagwe.

Ilikuwa wiki ya pili tangu nifike pale nyumbani. Mvua zilikuwa zimeshika, mahindi yamechomoza juu ya udongo, na mama mkwe pamoja nami tulikuwa tunapanda maharagwe katikati ya mistari. Yeye alikuwa na kijiti cha kumfika kiunoni, cha mti mgumu, ncha yake imechongwa na kuchomwa motoni mpaka ikawa nyeusi kama pembe. Alikidunga ardhini, akakizungusha kidogo, akakichomoa, akadondosha mbegu mbili, akafukia kwa kidole gumba cha mguu. Kisha hatua moja mbele, na tena. Hakuinama hata mara moja. Mimi nilikuwa na jembe, na nilikuwa nyuma yake mistari mitatu, mgongo unawaka.

“Mama,” nikamwita, “hicho mnakiitaje kwa lugha yenu?”

Akasimama. Akageuka kutazama nyumbani, kule juu penye majani chai, kana kwamba kuna mtu angetusikia.

“Hiyo hatusemi,” akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukata kata. “Lakini umesikia tayari. Jana, jirani alikuwa anaita kwa geti.”

Nikakumbuka. Jana yake mzee mmoja alisimama langoni na kumwita baba mkwe kwa sauti, mara mbili.

“Lile si jina la baba?”

“Ni jina ya baba. Na ni ya hii pia.” Akainua kijiti juu kidogo. “Bibi aliyeolewa hapa hawezi kutaja. Mimi sijataja tangu niolewe, na mtoto yangu ya kwanza sasa ni mwalimu.”

“Sasa ukikitaka, unasemaje?”

“Nasema, niletee ile kitu ya kutoboa.” Akacheka kwa mkono mdomoni, akarudi kwenye mstari wake.

Mimi sikulelewa katika miiko hiyo. Nilizaliwa katika nyumba za laini, zile za wafanyakazi, kwenye shamba kubwa la chai huko Kericho. Baba yangu alitoka Maragoli, mama alitoka Kisii, na nyumbani tulizungumza Kiswahili. Haikuwa kwa usomi. Wazazi wangu hawakuwa na lugha nyingine ambayo wote wawili wangeweza kuitumia hata kugombana. Nyuma ya nyumba, kila familia ilipewa kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa vitanda vinne, na hapo mama alipanda sukuma wiki na maharagwe. Alikuwa na kijiti chake kifupi, alichokiita kichokoo, kwa kuwa alikuwa anachokoa udongo nacho. Sijui kama alilitunga mwenyewe neno hilo au alilikuta pale laini. Kwangu lilikuwa jina kama sufuria lilivyo jina la sufuria.

Ijumaa ile mume wangu aliporudi nikamweleza. Yeye alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Sigowet, akilala huko siku za kazi. Alifungua kamusi yake, akatembeza kidole, akatangaza mbele ya mama yake: “Kwa Kiswahili sanifu ni muo. Wingi wake mio.”

“Muo?” mama mkwe akasema. “Hiyo ni kama mtu anaita ndama.”

Basi muo likarudi ndani ya kamusi. Mimi nikazoea kusema “ile kitu ya kutoboa” kama mwenzangu, na nikajifunza kutoboa bila kuinama.

Baba mkwe mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kunyamaza. Mama mkwe alikuwa mkristo wa kila Jumapili, lakini mumewe hakuwa amebatizwa, kwa hiyo hakuwa na jina la kanisani ambalo mtu angeweza kulikimbilia. Watu walimjua kwa jina moja tu, lile la kijiti. Mke wa mwanawe hakumpa mkono, hakukalia kiti chake, hakuingia chumbani mwake. Nilimwekea chai kwenye kigoda, nikarudi nyuma, nikaondoka. Asubuhi aliniuliza, “Umeamka?” nami nikajibu, “Nimeamka, baba.” Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa mwaka mzima. Sikuona kwamba ananichukia. Niliona kwamba kuna ua kati yetu na kila mmoja anaulinda upande wake.

Mwaka wa pili, ile miezi ya baridi wakati ukungu haupandi mpaka saa nne, alianza kukohoa. Akakohoa wiki nzima, naye akasema ni vumbi la maboma ya ng'ombe. Mama mkwe alimtazama, akasitasita, lakini binti yake aliyeolewa Sigor alikuwa amejifungua na ilibidi aende kumwosha mtoto. Akaondoka Jumatatu. Mume wangu alikuwa Sigowet. Tukabaki watu wawili katika boma, mimi jikoni na yeye nyumbani kwake.

Jumatano asubuhi nilikamua, nikajaza mkebe wa maziwa, nikauweka mlangoni pake kama kawaida. Kila siku alikuwa anautoa hadi barabarani kuisubiri pikapu ya maziwa. Siku hiyo mkebe ulikaa pale. Nikafagia uwanja, nikarudi, ukawa bado upo.

“Baba,” nikaita nikiwa nje.

Kisha nikasikia sauti kama ya mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba gunia.

Nikaingia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono umeshika mbavu, midomo imebadilika rangi. Kila pumzi ilikuwa fupi na ilimkata njiani.

“Mama yako wapi?” akauliza.

“Yuko Sigor, baba.”

Akafumba macho. Nadhani wakati huo sote wawili tulifahamu jambo lile lile, kwamba hakuna mwingine. Nikaingiza bega langu chini ya kwapa lake. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Alikuwa wa moto kama chungu, na mwepesi kuliko nilivyodhani. Akajaribu kuniondoa kwa mkono, mkono ukashindwa, ukabaki begani kwangu. Tukateremka hadi barabarani hivyo, nikisimama kila alipotaka kusimama, nikitazama pembeni ili asione kwamba namtazama.

Dereva wa pikapu alikuwa Mkisii aliyehamia huku zamani. Alipotuona akashuka mwenyewe, akamkalisha mzee mbele, akamfunika koti lake. Mimi nikapanda nyuma pamoja na mikebe. Alituacha kwenye lango la hospitali ya misheni, akaomba radhi kwamba maziwa ya watu yataharibika.

“Unajua jina lake?” nikamwuliza kabla hajaondoka, maana nilikuwa nimeanza kuona kilichokuwa mbele yangu.

“Nani, Mzee? Mimi namwita Mzee tu.” Akaondoka.

Nikamweka baba kwenye benchi, ameegemea ukuta. Nikapanga foleni. Dirishani alikaa karani mmoja wa makamo, mwenye miwani, ambaye kwa matamshi yake nilijua si mtu wa huku.

“Jina la mgonjwa?”

Nikageukia benchi alipokuwa baba.

“Mama, jina la mgonjwa.”

“Ni baba mkwe.”

“Baba mkwe si jina. Anaitwa nani?”

“Siwezi kusema.”

“Hulijui?”

“Nalijua.”

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu na mwanamke asiyeeleweka mbele yake. “Una kitambulisho chake?”

Kitambulisho kilikuwa sandukuni, sanduku lina kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso ya mama mkwe huko Sigor. Nikamwambia kimebaki nyumbani.

“Basi bila jina siwezi kufungua kadi, na bila kadi daktari hatakuwa na mahali pa kuandika. Sema tu, mama. Nani atakusikia?”

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne. Nilikuwa nimekulia laini, ambako watu walitajana majina kutwa nzima kwa sauti. Lakini yeye alikuwa hatua kumi nyuma yangu, macho yamefumbwa, na nilipogeuka kumtazama niliona kifua chake kikipanda kwa taabu. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikilitaja, kisha akafa, nitaishi nikiamini kwamba mimi ndiye niliyemmalizia.

Watu wakaanza kunung'unika nyuma. Ndipo mwanamke mmoja akatoka kwenye foleni na kunijia. Alikuwa rika la mama mkwe, amefunga kidole kwa kitambaa chenye damu kavu.

“Wewe ni bibi ya mtoto yake?” akaniuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Aa.” Akamgeukia karani. “Ngoja kidogo, bwana. Huyu si mjinga. Ni heshima, hawezi kutaja. Mimi nitataja.” Akanirudia. “Sasa nisaidie. Jina ni ya nini? Ya mvua? Ya njaa? Ya wageni?”

“Ni ya kitu.”

“Kitu ya nyumba?”

“Ya shamba.”

“Jembe?”

“Hapana.”

“Panga? Shoka?”

Nikatikisa kichwa. Sikuwa na njia nyingine. Pale pale, mbele ya dirisha, nikashika hewa kwa mikono miwili, nikaidunga sakafuni, nikaizungusha, nikaichomoa, nikadondosha mbegu mbili zisizokuwapo, nikafukia kwa kidole cha mguu. Foleni nzima ikageuka kunitazama.

“Anasonga ugali,” mwanamume mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka. Hata mimi karibu nicheke, machozi yakiwa machoni.

“Nyamazeni,” yule mama akasema. “Fanya tena, mtoto yangu. Polepole.”

Nikafanya tena, polepole. Hatua moja mbele, nikadunga tena. Uso wake ukafunguka. Akamgeukia karani akalitaja jina la baba mkwe, wazi, kwa sauti ambayo hata watu wa mlangoni waliisikia.

Nikainamisha kichwa. “Ndiyo,” nikasema.

Karani akaandika. “Na jina la pili? La baba yake?”

“Hilo kweli silijui.”

Yule mama akafikiri kidogo. “Andika hiyo moja mara mbili,” akasema.

Na ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwambia kongoi, na tena kongoi, maana ndilo neno la shukrani nililolijua vizuri zaidi katika lugha yake. Akaniambia nimpeleke mzee kwa daktari nisipoteze wakati, akarudi mwisho wa foleni, kwa sababu nafasi yake ilikuwa imechukuliwa. Sikuwahi kujua alikotoka.

Daktari alisema ni kichomi, na kwamba amefika kwa wakati. Akalazwa siku nane. Nilituma habari kwa watu wa pikapu, mume wangu akafika Alhamisi, mama mkwe Ijumaa, bado anamwaza yule mtoto mchanga, nguo za safari mwilini. Alisimama miguuni mwa kitanda, akatazama kadi iliyoning'inia pale yenye jina mara mbili, akaniuliza kwa macho. Nikamweleza nje, kwenye nyasi. Nilipofika mahali pa kusonga ugali ilibidi akae chini kwa kicheko.

Lakini baba mwenyewe hakusema chochote mpaka siku ya tano. Nilikuwa nimempelekea uji. Nikauweka mezani, nikarudi nyuma, nikageuka niondoke.

“Keti,” akasema.

Hakukuwa na kigoda. Nikaketi kwenye kitanda kitupu kilichokuwa mkabala na chake.

“Nilikusikia pale dirishani.”

“Nisamehe, baba.”

“Umekosa nini? Hukutaja.” Akanywa uji kidogo, akapumzika. “Lakini siku nyingine taja. Heshima haitibu mbavu.”

Akaendelea kutazama uji.

“Unajua kwa nini mimi naitwa hivyo?”

“Nadhani ni kwa sababu ya urefu, baba.”

“Watu wote wanafikiri hivyo. Wengine wanasema ni kwa sababu natoboa watu kwa maneno.” Akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona. “Mama yangu alikuwa anapanda, peke yake, mahali mbali na nyumba. Uchungu ukamshika. Hakukuwa na mti karibu, hakukuwa na mtu. Alikuwa na hiyo kitu mkononi. Akaidunga chini kwa nguvu zote, akaishika kwa mikono miwili, mimi nikazaliwa hapo. Wazee walinipa jina yao. Lakini mama alikuwa ananiita ile kitu aliyoshika. Ikabaki.”

Muuguzi alipita na sinia.

“Kwa hivyo si kutoboa,” akasema. “Kwake yeye haikuwa kutoboa. Ilikuwa ni kushika.”

Ndiyo maelezo marefu kuliko yote aliyowahi kunipa. Baadaye, alipotoka hospitali, alimwita mume wangu akamwambia mbele ya mama mkwe kwamba ameniruhusu, nikitaka kutaja jina lake nitaje, hakuna laana. Akanipa mtamba mmoja mwekundu kama ishara ya ruhusa hiyo. Nilimshukuru. Siku moja, nikiwa peke yangu nakamua, nikajaribu kulisema kwa sauti. Lilitoka kama kikohozi, na ng'ombe akageuza kichwa kunitazama. Sikujaribu tena, na hata hapa siliandiki. Mtamba nilimfuga.

Mapafu yake hayakurudi kama zamani. Msimu uliofuata hakuweza kwenda nyuma ya ng'ombe wa kulima. Mwanzoni alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba akitutazama mimi na mama mkwe tukipanda. Siku ya pili akainuka, akachukua kijiti mkononi mwa mkewe, akaja mpaka kwenye mstari wangu.

“Mimi natoboa, wewe weka mbegu,” akasema.

Mama mkwe alibaki ameshika kiuno. Baba mkwe na mke wa mwanawe katika mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwingine! Lakini hakutuzuia. Tulikwenda polepole kwa sababu ya pumzi zake. Kila mwisho wa mstari tulisimama, naye akaegemea kijiti, akitazama majani chai upande wa pili wa kijito.

“Kwenu mnaita nini hii?” akaniuliza katika mojawapo ya nyakati hizo.

“Mama yangu anaita kichokoo.”

“Kijogoo.”

“Kichokoo, baba.”

“Si ndiyo nimesema? Kijogoo.”

Nikacheka. Nilicheka mbele ya baba mkwe, bila kuficha mdomo, na nikashtuka nilipojisikia. Yeye hakushtuka. Akalirudia neno lile mara mbili tatu, akilionja, kisha akamwita mkewe kwa mbali: “Umesikia? Hii inaitwa kijogoo!”

Mama mkwe alifurahi kuliko sote. Miaka yote hiyo alikuwa na kifaa asichoweza kukiita, na sasa alipata jina la kupiga kelele nalo kutoka jikoni hadi shambani. Aliwafundisha majirani wawili watatu wa chama chao cha kanisani. Mume wangu alijaribu kueleza kwamba jogoo ni jogoo, kwamba neno ni kichokoo, kutoka kuchokoa, na kwamba hata hivyo sanifu ni muo. Hakuna aliyemsikiliza. Nilimwandikia mama yangu barua kumweleza, naye akanijibu kwamba yeye ni sawa tu, wakipenda waite hata kifaranga, mradi maharagwe yaote.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa mwaka uliofuata, akakua akilijua neno hilo tu. Alidhani ni Kikipsigis. Sikuona haja ya kumsahihisha.

Alipokuwa na miaka minne hivi, kijiti chetu kilipasuka katikati ya kazi. Wingu lilikuwa limekaa vibaya na mbegu zilikuwa zimebaki robo ya debe. Nikamtuma binti kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyehamia karibuni kutoka upande wa Bomet, ambaye hakuwa mmoja wa wale waliofundishwa.

“Mwambie atuazime kijogoo, tutarudisha Jumamosi.”

Akaenda mbio. Akakawia. Aliporudi alikuwa amekumbatia kitu kwa mikono yote miwili, na kitu hicho kilikuwa kinampiga usoni kwa mabawa. Alikuwa jogoo mwekundu, mchanga, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

“Amesema huyu ni mkali,” binti akasema huku akihema, “lakini anajua kazi.”

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mama mkwe akamletea maji. Mimi nilimalizia mstari kwa jembe, nimeinama, mvua ikinidondokea shingoni. Jogoo tukamfungua ili asiteseke. Akakaa nasi hadi Jumamosi, akapigana na wetu kila asubuhi, na mwenyewe alipokuja kumchukua hatukuweza kumkamata. Jogoo alikuwa amepanda juu ya mti nyuma ya zizi na hakutaka kushuka. Jirani akaingia ndani kusubiri. Mama mkwe akampa kikombe cha mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni, baba akamsogezea kigoda, na tukaanza kumweleza.